Weusi chini ya macho: jua umetoka wapi kabla ya kupaka chochote

Ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili. Unene wake ni kama nusu milimita tu, na chini yake karibu hakuna mafuta ya kuisitiri. Damu ikituama, maji yakijaa au rangi ikiongezeka, dalili huonekana hapo kabla ya kuonekana kwingine. Kwa sababu hiyohiyo, kitu unachoweza kupaka kwenye kiwiko bila madhara kinaweza kuichubua ngozi hii kwa usiku mmoja.

Watu wengi hukosea kwa kuanza na dawa. Mmoja ameambiwa tango, mwingine kiazi, mwingine limau na asali. Anapaka wiki mbili, haoni nafuu, anahamia kitu kikali zaidi, na mwezi wa tatu weusi umezidi ule aliouanza nao. Weusi huu una vyanzo ambavyo havifanani hata kidogo, na kinachosaidia kimoja hakigusi kingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujitazama vizuri.

Jipime dirishani

Fanya hivi asubuhi, uso ukiwa umeoshwa na hauna poda wala wanja. Simama ukitazama dirisha lenye mwanga wa kutosha lakini lisilopigwa na jua moja kwa moja, ushike kioo usawa wa macho. Taa ya bafuni haifai, kwa sababu inatoka juu na humtia kila mtu kivuli chini ya macho.

Weka kidole cha pete juu ya shavu, sentimita moja hivi chini ya ukingo wa weusi, uivute ngozi polepole kuelekea chini mpaka ikunjuke. Tazama rangi inafanya nini. Ikibaki kahawia vilevile na kusogea pamoja na ngozi, weusi wako ni wa rangi yenyewe ya ngozi, ile melanini, imejaa hapo kupita kiasi. Ikizidi kuonekana, ikawa ya zambarau, kijivu au bluu iliyofifia, unachokiona ni mishipa midogo ya damu kupitia ngozi nyembamba. Sasa achia ngozi, inua kidevu ili mwanga ukupige uso mzima kutoka mbele. Weusi ukipungua sana au ukatoweka, hicho kilikuwa kivuli: kuna bonde kati ya kope ya chini na shavu, au kuna uvimbe juu yake unaotupa giza chini.

Saa nayo inasema kitu. Uvimbe wa maji huwa mkubwa mtu anapoamka na hupungua kadiri mchana unavyosogea. Rangi ya ngozi haibadiliki kwa saa. Ilivyo asubuhi ndivyo ilivyo jioni.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, rangi ndiyo chanzo cha kawaida zaidi, mara nyingi ikichanganyika na kimoja kati ya hivyo vingine. Tena jambo hili huenda kifamilia. Ikiwa mama na shangazi wanao tangu ujana, tarajia kuupunguza na kuuzuia usizidi, usitarajie kuufuta. Bonde linalotokana na umbo la mfupa, au linalokuja na umri mafuta ya uso yanapopungua, halijazwi na tango wala mafuta ya aina yoyote, na ni afadhali ulijue hilo mapema kabla hujatumia pesa.

Piga picha siku hiyohiyo: dirisha lilelile, saa ileile, umbali uleule. Utaihitaji baadaye, kwa sababu jicho huzoea na kumbukumbu hudanganya.

Mikono kwanza

Tukiambiwa tuchague ushauri mmoja tu wa kumpa mtu mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, tungemwambia aache kufikicha macho. Kila ngozi yenye melanini nyingi inapochubuliwa, ikawashwa au ikavimba, hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Ndiyo maana chunusi huacha doa jeusi. Chini ya jicho, kufikicha kwa kiganja mara kumi kwa siku kwa miaka ni kama chunusi isiyopona, na kila siku linaongezeka tone jingine la rangi.

Wanaofikicha mara nyingi hawajui kwamba wanafikicha. Muulize unayeishi naye akutazame siku mbili. Utakuta unafanya hivyo unapoamka, unapotoka kwenye vumbi, unapochoka mbele ya kompyuta, na hasa usiku ukiwa usingizini nusu.

Kuambiwa uache hakutoshi kama macho yanawasha, maana mkono utarudi tu. Tafuta kinachowasha. Kwa wengi ni mzio: vumbi la nyumbani, chavua wakati wa maua, manyoya ya paka, moshi wa kuni na mkaa, udi na ubani unaofukizwa chumba kikiwa kimefungwa, au dawa ya mbu ya kuchoma inayowaka karibu na kitanda. Mwenye mafua ya mzio hubeba mzigo mara mbili. Tando za pua zikivimba, damu ya mishipa ya chini ya macho hukosa njia nzuri ya kurudi, ikatuama hapo, na juu yake anafikicha. Ukimwona mtoto anapumua kwa mdomo, anasugua pua kuelekea juu kwa kiganja, na ana weusi chini ya macho yote mawili, fikiria mzio kabla ya kumlaumu kwa kuchelewa kulala.

Chumba cha kulala ndiko pa kuanzia. Foronya ibadilishwe kila baada ya siku tatu au nne, shuka kila wiki, zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 ikiwezekana, kisha zianikwe juani zikauke kabisa. Mto wa sufi uliokaa miaka mingi una vumbi lisilotoka kwa kuupigapiga. Ubadilishe, au uufunike kwa mfuko uliofumwa kwa kubana sana ndani ya foronya. Chandarua nacho hukusanya vumbi na kulimwaga usoni kila kinaposhushwa, lakini usikiache kwa ajili ya hilo. Kifue kwa maji ya kawaida na sabuni ya mche, kisha ukianike kivulini, kwa sababu jua kali huua dawa iliyomo.

Macho yakiwasha ghafla, osha mikono, kisha weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya kope zilizofungwa kwa dakika 5. Baridi inatuliza muwasho bila kusugua. Pua ikiwa imeziba, isafishe kwa maji ya chumvi: maji yachemke dakika 3 hadi 5, yapoe yawe vuguvugu, kisha robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya mililita 250. Usitumie maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa. Kuna vijidudu vinavyokunywika bila shida lakini haviruhusiwi kuingia puani. Muwasho ukiendelea zaidi ya wiki mbili, mfamasia au daktari atakupa dawa ya mzio, na hiyo itaukinga uso wako kuliko krimu yoyote.

Kuosha uso kuna namna yake. Usivute. Taulo igusishwe na kuondolewa, igusishwe na kuondolewa, hadi maji yaishe. Wanja na rangi za kope ziondolewe kila usiku bila kukosa: tone moja la mafuta ya lozi au ya nazi kwenye pamba iliyoloweshwa, iweke juu ya kope iliyofungwa, hesabu polepole hadi thelathini, kisha shusha kuelekea kwenye ncha za kope mara moja. Ukisugua kabla mafuta hayajalainisha wanja, unausukuma uingie ndani ya mikunjo, na asubuhi utadhani ni weusi wa ngozi. Baadaye osha mafuta yasibaki kwenye kope. Yakikaa usiku mzima huingia jichoni na kutia ukungu, na kwa baadhi ya watu huleta vipele vidogo vyeupe, vigumu kama punje za mchanga.

Usingizi, na namna ya kulala

Kukosa usingizi hakuongezi melanini. Kunachofanya ni kuupausha uso, na uso ukipauka mishipa ya damu huonekana zaidi. Huko nako kope huvimba. Kwa hiyo aliyejipima na kuona zambarau au uvimbe wa asubuhi ndiye atakayeona faida haraka akilala vizuri, pengine ndani ya wiki moja. Aliyeona kahawia atafaidika kwa njia ya mzunguko: mtu mchovu hufikicha macho.

Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9. Kijana wa shule saa 8 hadi 10. Saa ya kuamka isipobadilikabadilika, hata Jumapili, usingizi wenyewe hujipanga. Simu iwekwe mbali na mto nusu saa kabla ya kulala. Kahawa na chai ya rangi ziishie alasiri, kwa sababu kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi baada ya kikombe kuisha. Mirungi ni hivyo hivyo na zaidi: anayetafuna jioni analala alfajiri, na macho yake yanasema.

Inua kichwa. Mto mmoja wa ziada, kiasi cha sentimita 10 hadi 15, unatosha kuzuia maji yasituame usoni. Uweke chini ya mabega na shingo pamoja. Ukikunja shingo peke yake utaamka na maumivu. Anayelala kifudifudi huamka na uvimbe upande ulioegemea mto, na ngozi ya upande huo imesuguliwa usiku kucha na foronya. Kwenye joto la Dar au Mombasa kati ya Desemba na Machi, kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala na kuelekeza feni miguuni badala ya usoni husaidia usingizi bila kukausha macho.

Katika Ramadhani usingizi hukatwa vipande. Wanaofanikiwa ni wale wanaolala mapema baada ya Tarawehe, wakaamka kwa daku, kisha wakaongeza usingizi mfupi wa dakika 20 hadi 30 mchana. Maji yagawanywe kati ya futari na daku, glasi moja moja, kuliko lita nzima mara moja. Na daku isiwe ya chumvi.

Baridi na chai: kwa uvimbe na zambarau tu

Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza uvimbe. Kafeini ya chai nayo hubana mishipa. Ukiviunganisha viwili hivi unapata nafuu inayoonekana kwa saa kadhaa, si zaidi, wala hakuna rangi ya kahawia itakayofutika. Mwenye harusi au usaili asubuhi, hii ndiyo njia yake.

Chukua vifuko viwili vya chai nyeusi au ya kijani isiyo na kiungo. Chai ya tangawizi, mdalasini au yenye manukato huwasha macho. Viloweshe kwenye maji ya moto dakika 3 hadi 5, uvitoe na kuvikamua mpaka visidondoshe tena, kwa upole, kwa kuwa kifuko kikipasuka majani yataingia jichoni. Viweke kwenye kisahani safi, uvifunike, uvitie kwenye friji dakika 20. Asiye na friji aviache vipoe kabisa karibu na mtungi wa maji wa udongo. Havitakuwa baridi kama vya friji lakini vinafanya kazi. Gusa kimoja kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: kiwe baridi ya kupendeza, kisiume.

Toa lenzi kama unavaa. Lala kichwa kikiwa juu kidogo, funga macho, weka kifuko kila upande, kikae zaidi chini ya jicho kuliko juu yake. Dakika 10 hadi 15. Usikibonyeze. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji safi, kwa sababu chai ikikaukia hapo huacha rangi yake ya kahawia, na wapo wanaoshtuka wakidhani weusi umezidi. Vifuko vilivyotumika vitupwe. Kutumia kifuko kilekile kesho yake ni kupanda bakteria kwenye kope.

Barafu pia inafaa, ila isiguse ngozi. Vipande viwili au vitatu ndani ya kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, dakika 5 kila upande, ukihamishahamisha. Barafu tupu juu ya ngozi ya nusu milimita huunguza, na kuungua huko huacha doa ambalo wewe ndiye uliyekuwa unalikimbia. Vijiko viwili vya chai vya chuma vilivyokaa friji dakika 15, visigandishwe, ni rahisi zaidi na vinakaa vizuri kwenye bonde la jicho.

Tango linaingia hapa. Karibu asilimia 95 yake ni maji, na linachofanya ni kupoza. Likiwa baridi ni zuri, likiwa la joto la chumba ni kachumbari iliyopotea njia. Kiazi mviringo ni vilevile: sifa zake za kuondoa rangi hazijathibitishwa, na maji yake yenye wanga yakikauka huivuta ngozi.

Chumvi nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kiasi kisichofika kijiko cha chai kilichojaa, pamoja na ile iliyokwisha kuwa ndani ya mkate, kachori na kiungo cha mchuzi cha kipakiti. Sahani moja ya samaki wa ng'onda na chipsi za usiku inaweza kukumalizia posho hiyo yote. Ukiamka umevimba, kumbuka ulikula nini jana saa tatu usiku.

Damu

Simama tena dirishani, uvute kope ya chini kwa kidole safi uone nyama ya ndani. Inapaswa kuwa nyekundu. Ikiwa imepauka, ina rangi ya waridi hafifu au karibu nyeupe, na unachoka kwa kupanda ngazi chache, moyo ukidunda, nenda ukapime wingi wa damu. Ni kipimo cha dakika chache na hata zahanati nyingi wanacho. Kwa mwanamke asiye mjamzito hemoglobini (ndiyo hesabu ya wingi wa damu, kwa gramu katika desilita) chini ya 12 ni upungufu, kwa mjamzito chini ya 11, kwa mwanamume chini ya 13. Upungufu wa damu huupausha uso mzima isipokuwa hapo chini ya macho, na tofauti hiyo ndiyo inayoonekana kama weusi.

Chanzo kinaweza kuwa hedhi nzito, malaria, minyoo ya safura au chakula chenye madini kidogo ya chuma. Vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha, na vilivyomo nyumbani vifungiwe mbali na watoto, kwani mtoto akivila vingi vinaweza kumuua. Chakula ni salama kwa watu wengi. Chuma cha nyama nyekundu, maini na dagaa huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha mboga. Maharage, choroko, dengu, mchicha, matembele na kisamvu navyo vina chuma, ila kinahitaji kusaidiwa na vitamini C: kamulia ndimu juu ya mchicha baada ya kuuepua, au kula chungwa, pera au kachumbari ya nyanya na pilipili hoho pamoja na mlo. Mjamzito asizidishe maini, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno kwa mimba.

Kinachoharibu hesabu hii ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa na chakula hukamata chuma na kukizuia kisifyonzwe. Isogeze saa moja mbele ya mlo au saa moja nyuma yake. Kwa familia inayokula maharage kila siku na kushushia chai, badiliko hili dogo lina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Jua

Melanini iliyopo chini ya jicho hukolezwa na jua kila siku, hata la mawingu. Anayetibu rangi bila kukinga jua anachota maji kwa pakacha. Kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi na miwani mikubwa yenye alama ya UV400 hufanya nusu ya kazi, tena miwani inakuzuia usikunje uso na usifikiche.

Nusu nyingine ni losheni ya kukinga jua, namba 30 au zaidi. Kwa eneo hili tafuta iliyotengenezwa kwa oksidi ya zinki, haichomi macho sana. Kiasi cha punje ya dengu kwa kila upande kinatosha. Weka vitone vitatu juu ya mfupa unaousikia kwa kidole chini ya jicho, uvigongegonge kwa kidole cha pete mpaka vienee, usifike kwenye mstari wa kope. Rudia kila saa 2 ukiwa nje. Zinki huacha weupe kama majivu kwenye ngozi nyeusi. Zile zenye rangi ya ngozi huondoa tatizo hilo, na rangi yake ya oksidi za chuma huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza melanini. Usipate moja ukaikosa nyingine: kofia bila losheni haikingi jua linalorudi kutoka kwenye mchanga, bahari na lami.

Mshubiri na vingine vya kupaka

Jeli ya mshubiri hutuliza na kutia unyevu. Haifuti rangi, lakini ngozi yenye unyevu haikunjiki wala kuwasha, na hilo ni faida. Tatizo ni namna watu wanavyoitoa. Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15. Utaona utomvu wa manjano unashuka polepole, mchungu, wenye harufu kali. Huo ndio unaochoma ngozi, na wengi hupaka pamoja nao kisha wakasema mshubiri umewakataa. Osha jani, menya ngozi ya kijani, chukua jeli angavu ya katikati tu, uioshe tena.

Jaribu kwanza kidogo kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 24 hadi 48. Kusipowasha, paka safu nyembamba juu ya mfupa wa chini ya jicho, dakika 10 hadi 15, osha. Iliyobaki hukaa friji siku mbili, basi. Kwa unyevu wa usiku, tone moja la mafuta ya lozi likigawanywa kwa macho yote mawili, juu ya mfupa na mbali na kope, linatosha. Lile linalong'aa na kutiririka limezidi.

Limau na ndimu zibaki jikoni. Asidi yake huchubua ngozi hii, na mabaki yake yakipigwa na jua huiunguza, ikaacha doa jeusi la miezi. Magadi, dawa ya meno na siki ni vivyo hivyo. Manjano hutia rangi na huwasha baadhi ya watu. Liwa ni kipodozi cha heshima mwilini, lakini usiifikishe chini ya macho: ikikauka hubana, na kuitoa ni lazima usugue.

Wanja na mkorogo

Wanja wa manga wa asili, ule wa jiwe lililosagwa, mara nyingi ni madini yenye risasi ndani yake. Mbali na kuacha weusi kwenye mikunjo ya kope, risasi ni sumu inayokusanyika mwilini, na mtoto mchanga anayepakwa wanja hula anachofikicha kwa mkono wake. Desturi ni nzuri, jiwe ndilo baya. Usimpake mtoto, nawe mtu mzima tumia wa dukani wenye lebo inayoeleza umetengenezwa kwa nini.

Mkorogo ndio unaotuumiza zaidi, kwa sababu wanaoutumia chini ya macho huwa walianza na doa dogo. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, lakini vikopo visivyo na lebo bado vinauzwa sokoni. Kwenye lebo zebaki huandikwa calomel, mercuric au Hg. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa kijivu-bluu ambao ni mgumu sana kutoka. Zile krimu za steroidi, kama zenye clobetasol au betamethasone, hung'arisha haraka kwa wiki chache, kisha huipunguza ngozi unene mpaka mishipa ionekane, na zikikaa karibu na jicho kwa muda huweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Aliyekwisha kuzitumia kwa miezi asiache ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, kwa kuwa uso unaweza kuvimba na kuwaka.

Muda, na wakati wa kwenda hospitali

Uvimbe hupungua ndani ya siku. Zambarau ya usingizi mdogo, wiki moja au mbili. Rangi inaenda polepole: ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban wiki nne, kwa hiyo jipe wiki 8 hadi 12 za kutofikicha na kukinga jua kabla ya kulinganisha picha. Ukitazama kioo kila siku utakata tamaa siku ya kumi.

Nenda hospitali bila kusubiri wiki hizo ikiwa weusi au uvimbe uko jicho moja tu na umekuja hivi karibuni. Ikiwa kope huvimba kila asubuhi na miguu nayo inavimba, au mkojo una povu jingi, kwani hapo figo zinapaswa kuangaliwa. Ikiwa macho yanauma, yanaona ukungu, yamegeuka manjano au yanaonekana kutokeza nje. Mtu aliyegonga kichwa, kisha akapata weusi kuzunguka macho yote mawili, apelekwe saa hiyohiyo. Na mtoto mdogo anayeanza kuwa na weusi kama wa kupigwa kuzunguka macho, ilhali hajaanguka wala kugongwa, apelekwe siku hiyohiyo hata kama anacheza vizuri, maana kuna saratani za utotoni zinazoanza kuonekana hivyo. Ukifika, mweleze daktari ni lini ulianza kuuona, na umwonyeshe picha za mtoto za mwezi uliopita.